Takataka Namba Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema presha yangu inapanda kwa sababu mambo nayaweka moyoni. "Ukikasirika, andika, halafu funga daftari uendelee na maisha." Mke wangu kaninunulia daftari hili na kalamu ya wino wa kujaza, ile inayochafua vidole. Basi naandika. Mvua imeanza leo na imeanza kwa fujo. Nimefika kazini soksi zimelowa na hakuna aliyenipa pole.

Kazini wananiita Fagio. Ofisi yetu ni ya watu tisa na tunatengeneza programu moja tu, ya kupanga ratiba za shule: mwalimu gani aingie darasa gani, saa ngapi. Mimi ni mtunza ghala. Ghala ni mahali kwenye seva ambapo kazi yote ya waandishi wa programu inahifadhiwa, ya leo na ya miaka yote ya nyuma. Kila mwandishi ana tawi lake humo, au matawi, anajaribu mambo yake bila kuvuruga ya mwenzake. Sasa diski ya seva imejaa. Mkuu kaniita ofisini, akaniangalia, akasema, "Fagio, fagia." Maneno hayo nimeyasubiri miaka minne.

Jumanne, 4 Machi

Nyumbani nimehesabu vifuniko vya plastiki visivyo na vyombo: ishirini na tisa. Nikamuuliza mke wangu vya nini. "Vitapata vyombo vyake," akanijibu, wala hakugeuka. Nimeandika. Presha iko palepale.

Jumatano, 5 Machi

Matawi sabini na nne kwa waandishi watano. Wanafungua tawi, wanalisahau, wanafungua jingine. Lipo moja linaitwa "mwisho", na jingine "mwisho-kabisa", na jingine "mwisho-wallahi".

Nimekwenda kumwarifu Mama wa Seva kwamba nafagia. Huyu ndiye mwenye chumba cha mashine. Anakaribia kustaafu, na hakuna anayeingia humo bila kuandika kwenye daftari lake jina, saa na sababu. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kalamu.

"Futa matawi unayotaka, baba," akasema, "lakini vipande viache wiki mbili."

"Mama, diski imejaa."

"Imejaa tangu Novemba. Itavumilia wiki mbili."

Ijumaa, 7 Machi

Siku kubwa. Nimefuta matawi sitini na moja.

Nieleze, nisije nikasahau nilivyokuwa hodari. Ukifuta tawi, kazi iliyokuwa juu yake haipotei papo hapo. Inabaki ghalani vipandevipande, yatima, hakuna kinachoielekeza, na mashine inaviacha vipande hivyo wiki mbili kabla ya kuvifagia, eti mtu asije akajuta. Hizo wiki mbili ndizo anazozing'ang'ania Mama wa Seva. Yule mama ni kizuizi. Anatembea kama kabati linalohamishwa, kila kitu chake ni subiri, subiri, na lile daftari lake naamini anaandika hata nzi wanaoingia. Nimesubiri alipokwenda kula mchana, nikaiambia mashine muda wa kungoja ni sifuri. Ikafagia palepale. Diski imeshuka hadi asilimia sitini.

Kila tawi unalofuta, mashine inakutajia nambari yake, herufi na tarakimu saba, kama kuaga. Nimeziandika zote hapa, kumbukumbu ya mawindo. Mwisho: 90b4f1d. Mwisho-kabisa: c27e5a0. Mwisho-wallahi: 1fd863b. Takataka-2: 3e7a1c9. Hili la takataka ni la Kimya, yule binti aliye kwenye likizo ya uzazi tangu Januari. Sikuona haja ya kumpigia. Mwenyewe kaliita takataka, mimi nani nimbishie?

(Zinafuata nambari hamsini na saba. Nimekandamiza kalamu mpaka kidole kimeuma.)

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu amenisifu mbele ya wote. Wamepiga makofi. Mama wa Seva hakupiga; alikuwa ameshika kikombe.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimeisafisha na kompyuta ya Kimya, nimefuta kila kitu, nimempa dada wa mapokezi kwa kuwa yake imekufa. Hii nayo ina kilema: betri ya saa yake ilikufa zamani, kila ukiiwasha inadhani ni tarehe mosi Januari ya mwaka iliotengenezwa. Dada wa mapokezi kaniuliza kama kuna ubaya. Nikamwambia heri ya mwaka mpya.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeingia kwenye mkoba. Daftari limelowa nusu, na wino wa kujaza haujui kuogelea. Ukurasa wa tarehe saba umegeuka wingu la bluu, haisomeki hata herufi. Nimeuanika juu ya jiko. Sikusikitika sana, maana nikikumbuka niliyoyaandika humo kuhusu watu fulani, ni afadhali mvua imesoma peke yake.

Alhamisi, 20 Machi

Mkuu ametangaza kwamba mkaguzi wa shule anakuja Ijumaa tarehe nne Aprili. Anataka kuona jambo moja tu, lile lililotushinda miaka miwili: mwalimu anayefundisha shule mbili, programu yetu inampanga awe kote kuwili saa ileile. Mkuu akasema hana wasiwasi, Kimya alimwambia kabla ya likizo kwamba amelimaliza. "Fagio, mpigie umuulize liko tawi gani."

Ijumaa, 21 Machi

Nimempigia saa tatu asubuhi. Mtoto alikuwa analia, ikabidi arudie mara mbili.

"Liko kwenye tawi langu," akasema. "Takataka namba mbili."

Nikakaa. Nilikuwa nimeshakaa, lakini nikakaa tena.

"Kwa nini uliliita takataka?" nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua.

Akacheka kidogo. Huyu binti hacheki ovyo, ndiyo maana tunamwita Kimya. Akasema kazi zake zote anaziita hivyo mpaka siku ya kuzionyesha. Mwaka wa kwanza alipoajiriwa aliita tawi lake "ratiba mpya", Mkuu akalifungua kikaoni kabla halijaiva, likawapanga walimu wote wa hesabu chooni. Watu wakacheka wiki nzima. Tangu hapo ni takataka moja, takataka mbili, na kweli hakuna aliyewahi kufungua. Miezi minane alikuwa akiandika na kuandika upya kila siku, mpaka likakubali wiki yake ya mwisho kazini.

"Limo humo humo, kaka," akasema. "Fungua tu."

Nikamwambia sawa, dada, asante, msalimie baba mtoto. Nikaenda ghalani kutafuta, kama vile sijui. Nimetafuta mpaka saa nane. Nimetafuta kwenye bakapu, nakala za akiba za kila Jumapili: tunaweka mbili tu, na zote mbili sasa ni za baada ya kufagia. Nimekwenda mapokezi nikaiangalia ile kompyuta yake niliyoisafisha kwa mikono yangu, inaonyesha tarehe mosi Januari na picha ya paka. Takataka-2 haipo. Nimeifuta, nimeifagia, na nimepigiwa makofi.

Mkuu kanipitia jioni nikiwa nafunga mkoba. "Umelipata?"

Nilikuwa na jibu la kweli na lilikuwa fupi. Nikasema, "Halionekani."

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Mkuu anauliza, mimi nasema halionekani. Si uongo. Ndivyo ninavyojiambia kwenye ngazi.

Jumatano, 26 Machi

Mkuu ameanza kusema mengine. Kwamba Kimya alikuwa anakaa tu. Kwamba ukimya ule alidhani ni akili, kumbe. Mkataba wake unaisha mwisho wa Aprili na Mkuu anasema haoni sababu ya kuuhuisha. Alinigeukia: "Wewe ndiye mwenye ghala, ungeona kama kungekuwa na kazi humo, au siyo?" Nikatikisa kichwa kwa namna inayoweza kuwa ndiyo na inayoweza kuwa hapana. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 27 Machi

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 28 Machi

Kimya kaja ofisini mwenyewe. Mkuu alimwita. Kaja na mtoto mgongoni na mwavuli uliovunjika mbavu, kaloa upande mmoja. Akasema atalitafuta mwenyewe, akaomba kiti, akaomba na mtu wa kumshikia mtoto. Watu wakaangaliana. Mtoto akaja kwangu.

Basi nimesimama nyuma ya kiti chake saa nzima na nusu, nimempakata mwanawe, namwangalia akitafuta kitu nilichokichoma mimi. Anaandika jina, mashine inajibu hakuna. Anaandika tena polepole, kama kosa ni la vidole vyake. Mtoto alinichomoa kalamu mfukoni akaitia mdomoni, nikamwacha, nikaona ni haki yake.

Mwisho Kimya akageuka. Hakumlaumu mtu. "Labda sikulihifadhi," akasema. "Wiki ile ya mwisho miguu ilikuwa imevimba, nilikuwa nasinzia mezani. Labda niliota tu kwamba limekubali."

Mkuu akasema ndiyo, uchovu wa ujauzito unajulikana. Kimya akamchukua mtoto akaniambia asante, kaka, kwa kunishikia. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilitaka kusema pale pale, mdomo ukakataa. Nikakimbilia chumba cha mashine, nikakuta Mama wa Seva ameshaondoka, Ijumaa anatoka mapema kwa ajili ya kliniki.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia mke wangu yote. Alikuwa anafuta chungu cha maua. Akafuta mpaka kikauka, halafu akasema, "Kesho asubuhi. Kabla ya chai."

Jumatatu, 31 Machi

Kabla ya chai. Nimeandika kwenye daftari lake: jina, saa mbili kasoro dakika kumi, na kwenye sababu nikaandika "kukiri". Akasoma. Akavua miwani.

Nikamwambia: tawi, sifuri, saa ya chakula, yote. Sikujitetea, isipokuwa kidogo kuhusu lile jina la takataka.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akaenda pale kwenye kona nyuma ya feni, akarudi na diski ndogo nyeusi imefungwa na mpira wa nywele. Akaiweka mezani kati yetu.

"Kulikuwa na Fagio mwingine kabla yako," akasema. "Alinifagilia miaka mitatu ya kazi siku ya Jumatano. Tangu hapo nilitega karai. Mashine hii ikifagia, hata ukiiambia sifuri, haichomi. Inamwaga huku."

Nikaishika ile diski. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu tarehe saba.

"Mkijua kuna karai mtafagia mmefumba macho. Nilikuwa namngoja mwenye kupoteza aje aseme amepoteza nini." Akavaa miwani. "Kuna vipande elfu thelathini na moja humu. Huyo binti peke yake ana matoleo mia mbili na kitu ya takataka-2, maana alikuwa akiandika upya kila siku na kulitupa la jana. Yote yana jina moja na tarehe moja."

Tarehe moja. Mosi Januari. Ile saa iliyokufa ya kompyuta yake. Kwa hiyo hata mashine haijui lipi ni la mwisho, na katika mia mbili na kitu ni moja tu linalofanya kazi, mengine ndiyo yale ya walimu chooni. Kulijaribu moja baada ya jingine ni kazi ya wiki tatu. Mkaguzi anakuja Ijumaa.

"Ulipolifuta, mashine ilikutajia nambari," akasema Mama. "Uliiandika?"

Jumanne, 1 Aprili

Niliiandika. Ipo tarehe saba, katikati ya wingu la bluu. Nimejaribu taa, nimejaribu kioo cha kukuzia cha mke wangu, nimejaribu kukumbuka. Nimekumbuka mwisho-wallahi yote, tarakimu kwa tarakimu. Ya takataka sikumbuki hata moja.

Jumatano, 2 Aprili

(Naandika kwenye karatasi ya pembeni. Nitaibandika daftari likirudi.)

Nilimwambia Mama wa Seva ukurasa umeoshwa, haufai. "Ulete hivyo hivyo," akasema. Kwake hakuna kitu kinachoitwa kimepotea, kuna ambacho hakijatafutwa. Nikampa daftari kwa moyo mweupe, maana ukurasa wenyewe si ulikuwa umeoshwa, na kurasa nyingine nilizibana kwa klipu.

Hakuuangalia wino kabisa. Akapitisha kidole juu ya karatasi, akasema, "Unakandamiza sana kalamu, baba." Akatoa penseli laini, akailaza ubavu, akaanza kusugua taratibu kuanzia juu. Karatasi ikawa nyeusi, na ndani ya weusi, mahali ambapo kalamu yangu ilichimba, maneno yakabaki meupe.

Sasa mimi nilikuwa nafikiria nambari. Sikukumbuka kwamba nambari ziko chini. Juu kuna nini? Kukatokea "siku kubwa". Kukatokea "hodari". Nikasema Mama, labda tuanzie chini. Akasema yeye huanzia juu. Kukatokea "yule mama ni kizuizi". Penseli haikusimama. "Anatembea kama", halafu ikabidi aichonge, akaichonga bila haraka, mimi nimesimama pale nasikiliza mvua, akarudi, na likajitokeza neno zima, jeupe, safi kuliko yote: kabati. Kisha linalohamishwa. Kisha nzi.

Akasugua mpaka chini. Akafika takataka-2, akaisoma kwa sauti, 3e7a1c9, akaiandika kwenye daftari lake mara mbili. Akalifunga. Hakuirudisha kazi ghalani moja kwa moja. Alitengeneza nakala ya ghala pembeni, akakichukua kipande kile kimoja huko, na kwa kuwa kila kipande kinashikilia vile kinavyovitegemea, kilipotoka kilitoka na ukoo wake wote. Tukaijaribu. Mwalimu wa shule mbili akawa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Nilitaka kumkumbatia Mama nikakumbuka mimi ni nani.

"Kesho narudisha," akasema. "Lakini kikionekana tu ghalani, Mkuu atasema binti alikuwa amekificha. Kwa hiyo wewe utaanza kusema, halafu mimi nirudishe. Na daftari hili linalala kwangu."

Alhamisi, 3 Aprili

(Karatasi ya pili.)

Nimesema. Mkuu mezani, Kimya amesimama mlangoni na mtoto, mimi katikati. Nimesema nililifuta, nikalifagia bila kungoja, na karibu wiki mbili nimenyamaza akisemwa yeye. Mkuu akawa mwekundu wa masikio. Alianza kunipa maneno, akakumbuka naye amesema yake, akayameza. Akamgeukia Kimya akamwambia mkataba wake hauna neno. Mimi nimeondolewa kwenye kufagia mpaka Mama wa Seva atakaposema basi.

Kimya aliniangalia. Kisha akasema, polepole, "Uliniona nalitafuta. Ulikuwa umempakata mwanangu."

Nikasema ndiyo. Nilidhani akisamehewa mtu hupumua, lakini hakuwa amenisamehe, na bado nilipumua kidogo.

Ijumaa, 4 Aprili

(Ya tatu.)

Mkaguzi kaja na mwavuli mkubwa. Akakataa mifano yetu. Akasema mke wake anafundisha shule mbili na kila Jumanne anagombana na wakuu wawili, tumpange yeye. Kimya akaandika majina, akabonyeza. Ratiba ikatoka, hakuna alipogongana na mtu. Mkaguzi akaisoma kwa kidole, akarudia, akauliza, "Na hii Alhamisi mchana, hana kipindi?"

"Ana nafasi," akasema Kimya.

"Miaka sita anasema hana," akasema mkaguzi, akakunja karatasi akaitia mfukoni.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imepungua. Daftari limerudi na karatasi zangu tatu nimezibandika. Kimya amefungua tawi jipya kabla ya kurudi likizo, nikamuuliza ataliitaje. Takataka-3. Nimeandika nambari yake hapa, na kwenye ukuta wa meza yangu, na mke wangu nimempa aihifadhi kwenye kopo, pamoja na vifuniko vyake. Kopo lenyewe limepata kifuniko kati ya vile ishirini na tisa. Nilimwona akitabasamu na nikaona nisijadili.

Mama wa Seva ameniamuru niunakili upya ukurasa wa tarehe saba kwa kalamu isiyoyeyuka, bila kupunguza neno. Nimeunakili, ndio huo hapo juu, na kabati lake. Nilipofika chini ya ukurasa ule wa penseli, pembeni kabisa, nikaona maandishi ambayo si yangu. Ni yake, madogo, yamenyooka:

"Nimesoma lote, klipu niliitoa. Si uzito, ni goti. Nakala ninayo. Kabati."